Watoto wangu wawili hawasikii na mume wangu ni mtoto wa mjomba: limetoka upande wa nani?

MshonaSare
Jumatano, saa 5:40 usiku

Asalaam aleikum, na habari za usiku kwenu nyote.

Naandika sasa kwa sababu wateja wameondoka na nyumba imelala. Nashona sare za shule hapa Mbagala Rangi Tatu, nina miaka 33, watoto watatu na ujauzito wa miezi mitano. Wa kwanza ni wa kike, ana miaka 11, anasikia hata nikimnong'oneza akiwa chumba cha pili. Wa pili ni wa kiume, ana miaka 6, hasikii. Wa tatu ni wa kike, mwaka mmoja na miezi minne, na wiki iliyopita tumeambiwa naye hasikii.

Kwa huyu wa kiume tulichelewa. Nilianza kushtuka akiwa na miezi minane, siku upepo ulipong'oa bati la jirani likaangukia uani. Kuku walitawanyika, mimi mwenyewe nilipiga ukelele, yeye kalala usingizi wake mkekani. Kliniki niliyompeleka wakaniambia watoto wa kiume huchelewa kusema, nisubiri. Nikasubiri mpaka akatimiza miaka mitatu. Miaka ile sitaisahau. Mtoto alikuwa analia kwa hasira, ananivuta kanga, na sijui anataka nini, maji, au titi, au kubebwa tu.

Kwa huyu wa mwisho sikungoja mtu aniambie. Tangu miezi mitano nilikuwa nagonga mfuniko wa sufuria nyuma ya kisogo chake kila asubuhi. Siku moja aligeuka, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kumbe ameona kivuli changu ukutani. Kupata kipimo chenyewe kulichukua miezi, mara hakulala, mara mashine mbovu. Ni kile cha kubandika nyaya kichwani mtoto akiwa usingizini, wanampigia sauti sikioni na mashine inasoma kama ubongo umeipokea. Walipanda mpaka desibeli 90, mstari haukutikisika. Kwa kaka yake ilikuwa vilevile.

Daktari alisema neno moja, "inaonekana ni ya kurithi," akaandika rufaa. Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika mlangoni, sikuuliza.

Sasa nieleze kilichoniweka macho. Mume wangu ni mtoto wa mjomba wangu. Baba yake na mama yangu ni tumbo moja, watu wa Kilwa Kivinje. Tulipendana wenyewe, hakuna aliyetushika mkono. Mama mkwe wangu, kabla hajawa mkwe, alikuwa mkaza mjomba wangu, na ndiye aliyenisuka nywele siku yangu ya kwanza kwenda shule. Leo anasema uziwi umetoka kwetu, kwenye damu ya mama yangu, na anamwambia mwanawe aoe mke mwingine mwenye kizazi safi. Mume wangu hasemi ndiyo, hasemi hapana. Anakula, ananawa, anatoka.

Kwetu ni wapi? Mama yangu ni dada wa baba mkwe wangu. Babu na bibi ni walewale.

Naomba mnisaidie kujua kama ni damu kweli, au ni malaria niliyougua nikiwa na mimba ya huyu wa kiume, ambayo nilitibiwa kwa kwinini ya dripu. Naomba kujua pia kuhusu huyu aliye tumboni, na kuhusu binti yangu mkubwa, kama naye siku moja atazaa watoto wasiosikia. Na kipimo gani niombe.

Jambo la mwisho. Zamani mama aliwahi kutaja babu mdogo, mdogo wake babu, mvuvi, aliyekuwa "haongei". Nikimuuliza sasa anasema hakumbuki.


BabaMapacha
Alhamisi, saa 12:15 asubuhi

Dada MshonaSare, pole sana. Na hongera kwa kutosubiri mara ya pili.

Naeleza ya kwangu kwa kifupi, niko stendi Kinyerezi. Nina mapacha wa kiume, wana miaka tisa. Kulwa aliugua akiwa na wiki mbili, akalazwa, akachomwa gentamaisini siku saba. Alipona. Doto hakuugua, hakuchomwa. Leo Doto anasikia, Kulwa hasikii kabisa. Tukasema ni sindano, basi, bahati mbaya.

Miaka minne baadaye daktari wa masikio akamuuliza mke wangu kama kuna mtu kwao aliyepoteza usikivu baada ya sindano. Mke wangu akakumbuka kaka yake, aliyechomwa streptomaisini za kifua kikuu akatoka hospitalini hasikii, na mama yao mdogo vilevile. Daktari akatueleza kwamba ndani ya seli kuna vitu vidogo vinaitwa mitokondria, vina vinasaba vyake vyenyewe, na mtoto huvipata kwa mama peke yake. Kuna mabadiliko ya herufi moja humo yanayofanya sikio lisistahimili dawa za jamii hiyo: gentamaisini, streptomaisini, kanamaisini, amikasini. Mwenye nayo anaweza kuishi miaka yote anasikia vizuri mpaka siku anapochomwa. Kwa hiyo Doto naye huenda anayo. Kwenye kadi yake tumeandikiwa kwa wino mwekundu asichomwe dawa hizo, na kila mwaka naikarabati kadi kwa selotepu isije ikachanika pale.

Yako naona haifanani, wawili hawasikii tangu mwanzo. Lakini tafuta kadi zote za kliniki, angalia kama walichomwa nini, kama walipata manjano kali, kama walilia walipozaliwa. Ukienda na kadi daktari hatakisia.


Kipepeo_wa_Pwani
Alhamisi, saa 3:02 asubuhi

Dada, mambo ya Kilwa mengine hospitali hawayajui. Huyo babu aliyefichwa ndiye anayedai. Mpaka ajulikane na atajwe, hamtapumzika. Kuna mzee Chanika anajua kuzungumza nao. Nasema kwa nia njema.


TabibuMasikio
Alhamisi, saa 2:30 usiku

Mwanangu MshonaSare, nimefanya kazi ya masikio miaka 27, nimestaafu, niko Kigamboni na bustani yangu. Swali lako nimelisoma mara tatu. Nikae nalo kidogo.

Unaijua sikoseli. Dar kila mtaa una nyumba yenye mtoto wa sikoseli, na unajua baba na mama yake ni wazima, wanakwenda kazini. Kila mmoja wao ana kinasaba kimoja kizima na kimoja chenye kasoro, kile kizima kinamtosha, hajui kama anabeba. Mtoto akipata vile viwili vyenye kasoro, kimoja kwa baba kimoja kwa mama, ndipo anaumwa. Uziwi mwingi wa kurithi unaopatikana tangu kuzaliwa unakwenda kwa njia hiyohiyo, kama visa 8 katika kila 10, pale ambapo mtoto hana tatizo jingine mwilini.

Wewe ni fundi cherehani, basi chukua vikombe viwili vya kahawa. Kila kikombe tia kifungo cheupe kimoja na cheusi kimoja. Kikombe kimoja ni wewe, kingine ni mumeo. Fumba macho, toa kimoja kimoja. Vyeupe viwili, mtoto anasikia na habebi kitu. Cheupe na cheusi, anasikia na ni mbebaji kama ninyi. Vyeusi viwili, hasikii. Kisha, na hapa watu wengi hukosea, rudisha vifungo vikombeni kabla ya kutoa tena. Mimba haikumbuki mimba iliyotangulia. Ikiwa ni hivyo ninavyodhani, huyu uliye naye tumboni ana nafasi 3 kati ya 4 ya kusikia, sawasawa na aliyokuwa nayo kila mmoja wa wakubwa zake. Si kwamba wawili wameshamaliza zamu.

Sasa kifungo cheusi kilitoka wapi? Babu yako mdogo ndiye uzi wa kuushika. Kama hakusikia tangu kuzaliwa na wazazi wake walisikia, basi kaka yake aliyesikia, yaani babu yako, alikuwa na nafasi 2 kati ya 3 ya kuwa mbebaji. Babu akampa mama yako, akampa mjomba wako. Mama yako akakupa wewe, mjomba akampa mumeo. Kifungo kilekile kimezunguka kwa njia mbili kikakutana nyumbani kwenu. Hapo huwezi kusema upande wa mwanamke wala wa mwanamume, kwa sababu ni upande mmoja.

Nitakuambia ukweli hata ule usioupenda. Mumeo akioa mwanamke asiye ndugu yake, nafasi ya kupata mtoto asiyesikia itashuka sana. Hilo mama mkwe wako hakukosea. Lakini nawe ungeolewa na asiye ndugu yako, ingeshuka vilevile, na yeye mumeo angebaki na kifungo chake palepale mfukoni. Uziwi umetokana na mkutano wenu, hakuna mwenye kizazi kichafu. Na wasije watu wakasema ndoa za binamu zote ni balaa. Wanandoa wasio ndugu, kama 2 au 3 kati ya 100 hupata mtoto mwenye kasoro kubwa ya kuzaliwa. Kwa binamu wa kwanza huongezeka kama 2 au 3 nyingine. Walio wengi huzaa salama.

Kwinini iweke pembeni. Inaweza kumfanya mgonjwa asikie mlio masikioni na kusikia kwa shida, mara nyingi kwa muda tu, na hata ingekuwa na lawama kwa huyu wa kiume isingemfikia mdogo wake ambaye hukuugua ukiwa na mimba yake.

Binti yako mkubwa, kwa kuwa anasikia, ana nafasi 2 kati ya 3 ya kuwa mbebaji. Akiolewa nje ya ukoo, hofu ni ndogo mno. Akitaka binamu, waje wakae na mtaalamu kwanza. Muda upo.

Kuhusu kipimo cha vinasaba, sikiliza vizuri maana hapa watu hupoteza fedha. Jeni, yaani vinasaba, zinazojulikana kuleta uziwi wa aina hii ni zaidi ya 100. Maarufu kuliko zote ni GJB2, iko kwenye kromosomu (uzi unaobeba vinasaba) ya 13, ilitambuliwa mwaka 1997. Inatengeneza protini iitwayo koneksini 26, ambayo ni kama vijimlango kati ya seli na seli ndani ya sikio, chumvi ya potasiamu inapita humo. Mlango ukikosekana, sikio halichaji tena. Kwa Wazungu jeni hiyo moja hueleza karibu nusu ya uziwi wa vifungo viwili. Ghana kipo kijiji cha Adamorobe chenye viziwi wengi kwa vizazi vingi, mpaka wana lugha yao ya alama, na huko pia ni GJB2, badiliko moja lililoenea kwao. Lakini kwingi Afrika kusini mwa Sahara GJB2 haionekani mara nyingi. Kwa hiyo ukipimwa hiyo peke yake ukaambiwa hakuna kitu, usiamini kwamba si ya kurithi. Omba kipimo kinachosoma jeni nyingi kwa pamoja. Na hata hicho kisipopata jibu, mti wa ukoo wako unabaki ushahidi.

Kabla ya hicho, kuna vipimo vya bei ndogo ambavyo sitaki uvikose. Cha kwanza kabisa ni kipimo cha umeme wa moyo, kwa watoto wote wawili. Upo uziwi wa kurithi unaokwenda pamoja na moyo, mtoto anazimia akikimbia au akishtuka, watu wanadhani kifafa, na siku moja haamki. Ni nadra. Lakini unagunduliwa kwa karatasi moja ya mashine ya moyo, na dawa ipo. Nilimpoteza mtoto mmoja kwa hilo mwaka wangu wa tatu kazini, tangu siku hiyo sikumruhusu mtoto asiyesikia atoke chumbani kwangu bila karatasi hiyo. Cha pili ni macho, kwa sababu upo ule ambao mtoto huanza kutoona gizani, na mara nyingi watoto hao huchelewa kutembea kwa kuwa hata mizani ya mwili iliyomo sikioni imeguswa. Niambie, wako walitembea lini? Angalia pia uvimbe wa shingo, wapime na mkojo.

Zipo familia ambazo kifungo kimoja cheusi kinatosha. Nakumbuka mama mmoja wa Tandale, shungi jeupe la nywele juu ya paji la uso, jicho moja la bluu kama glasi, anasikia. Watoto watano, wawili hawasikii. Watu walimwita jini. Ile ni hali inayoitwa Waardenburg, na pale kila mimba ni nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi, ila si kila aliyeirithi hupoteza usikivu. Sidhani ni yenu, lakini chungulia macho na nywele za jamaa.

Mtoto atakayezaliwa apimwe masikio kabla ya kutimiza mwezi. Wanamwekea kijiti laini sikioni akiwa amelala, dakika chache tu. Likionekana tatizo, jibu kamili lipatikane kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya sita. Huyu wa mwaka na miezi minne yuko kwenye umri mzuri wa kufikiriwa kupandikizwa kifaa cha koklea, kile kinachopeleka sauti moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa sikio. Muhimbili walianza upasuaji huo 2017. Uziwi wa jeni mara nyingi huwa umegusa seli za ndani ya sikio na kuacha mshipa wa fahamu ukiwa mzima, ndiyo maana wengi wao hufaidika. Kwa kaka yake, miaka sita bila sauti ni mingi, faida ya kusema itakuwa ndogo zaidi, nisikudanganye.

Utasikia pia kwamba China wametibu uziwi kwa jeni. Ni kweli, mwaka 2024 walitangaza watoto sita waliotiwa jeni nzima sikioni, na watano walianza kusikia. Ila ni kwa jeni moja tu, OTOF, ambayo ni sehemu ndogo ya viziwi. Ni sababu nyingine ya kutaka kujua jeni yenu.

Ndugu Kipepeo, sikukatalii jambo moja. Huyo babu atajwe. Atajwe kwenye mti wa ukoo, na daktari auone.


MshonaSare
Alhamisi, saa 4:05 usiku

Shikamoo baba. Nimesoma nikiwa nimekaa sakafuni.

Wote wawili walitembea kabla ya mwaka na mwezi mmoja. Kuzimia sijaona. Shingo ziko sawa. Ila umeniuliza gizani, moyo umenipasuka. Huyu wa kiume usiku hataki kwenda msalani, choo chetu kiko uani. Anashika ukuta, umeme ukikatika analia mpaka niwashe tochi ya simu. Nilidhani ni woga wa kitoto.


SeremalaKeko
Ijumaa, saa 1:50 asubuhi

Mimi ni kiziwi tangu kuzaliwa. Nina miaka 41, natengeneza vitanda na makabati Keko. Kiswahili cha kuandika nilikisoma Buguruni, shule ya viziwi, ukiona nimekosea nivumilie.

Dada, mpeleke macho kama tabibu alivyosema. Lakini nikwambie kitu ambacho anayesikia hawezi kukijua. Mimi pia usiku hushika ukuta. Wewe taa ikizimika unaita, "mko wapi?" Sisi gizani mikono haionekani, midomo haionekani. Giza linatukata ulimi. Mwanao analia kwa sababu taa ikizima na wewe umezima. Mpe tochi yake mwenyewe, alale nayo mkononi. Mimi nililala nayo mpaka nikaoa.

Mke wangu naye ni kiziwi wa kuzaliwa, kwao Tanga. Tulipotaka kuoana pande zote mbili walikataa, wakasema tutajaza nyumba viziwi. Tuna watoto watatu. Wote wanasikia, wananisikilizia mlango. Watu wanashangaa, wanadhani tumewaazima. Daktari alitueleza kwamba uziwi wangu na wake si wa jeni moja. Mimi nina vyeusi viwili vya jeni yangu lakini jeni yake kwangu ni nzima, na yeye hivyohivyo. Kila mtoto amepata kwetu cheusi kimoja cha huku na kimoja cha kule, na cheupe kwa kila jeni. Kwa hiyo viziwi wawili wanaweza kuzaa wanaosikia, na wanaosikia wawili mnazaa viziwi. Wengi wetu tumezaliwa na wanaosikia, zaidi ya 9 katika 10. Waambie na hilo nyumbani.

Mama yangu alinipeleka kwa waganga wanne. Nina chale nyuma ya masikio yote, nikinyoa zinaonekana. Alinipenda, simlaumu, lakini ndugu Kipepeo, zile zilikuwa fedha za ada.

Na sasa linaloniuma. Umeandika mengi kuhusu damu, hujaandika mnazungumzaje na mtoto. Ana miaka sita. Nyumbani kwetu tukila jioni baba alikuwa anasimulia, wote wanacheka, namshika mkono dada, namuuliza nini, ananiambia kwa ishara "baadaye". Baadaye haikuja. Nilianza shule nina miaka tisa na sikuwa najua kama mimi nina jina. Nilijua nina uso, ninavutwa bega. Siku mwalimu aliponipa jina la alama nilirudi nyumbani nikalionyesha kwa kila mtu, na hakuna aliyejua ni nini.

Vipimo fanya. Kifaa cha mdogo wake kiombe kama kinapatikana. Lakini Lugha ya Alama anzeni leo, wote, na huyo binti mkubwa, na bibi yao. Haisubiri jibu la maabara. Na msiseme bubu, wala "haongei". Babu yenu mvuvi alikuwa anaongea. Waliokosa kumsikiliza ni wengine.


Kipepeo_wa_Pwani
Ijumaa, saa 7:20 mchana

Seremala, nimekuelewa. Nimenyamaza.


MshonaSare
Wiki tatu baadaye, Jumapili, saa 3:10 usiku

Nimerudi, samahani kwa ukimya, msimu wa sare ulinibana.

Mioyo ya watoto imepimwa, karatasi zote mbili ni safi. Macho ya huyu wa kiume yametazamwa kwa dawa ya kutanua mboni, daktari haoni dalili mbaya kwa sasa, amesema arudi kila mwaka. Tochi nimemnunulia, ya bluu. Siku ya pili tu alikwenda msalani peke yake, akarudi akaniangaza usoni ili nimwone kwamba amerudi. Sampuli zetu za damu, mimi, baba yao na wao wawili, zimechukuliwa kwa kipimo cha jeni nyingi. Majibu tunangoja.

Sasa la nyumbani. Jumapili iliyopita mama mkwe alikuja. Sikupanga maneno. Niliweka vikombe viwili vya kahawa juu ya meza ya cherehani, na vifungo vya mashati ya shule, vyeupe, na vyeusi vya suruali. Nikamwambia, mama, fumba macho utoe. Akadhani nimechanganyikiwa. Akatoa. Nikamweleza, akatoa tena, na tena, mara kumi, nikirudisha kila mara. Vyeusi viwili vilitoka mara tatu. Mara ya tatu hakuviachia, alivishika kwenye kiganja.

Akauliza, hiki cha kikombe cha mwanangu kilitoka wapi? Nikamwambia, tunavyodhani kwa mjomba, na cha kwangu kwa mama, na wote wawili kwa babu au bibi. Akasema, "Kwa hiyo mume wangu naye anacho." Nikasema inawezekana. Akakaa. Kisha akasema taratibu kwamba miaka yote hii alikuwa anamtukana mumewe bila kujua. Sikujua nimjibu nini, nikamkorogea chai.

Mjomba alikuwa barazani na mume wangu, mlango wazi, wamesikia. Akaingia akasema, "Alikuwa baba yangu mdogo, na ndiye aliyenifundisha kusoma maji." Akatuonyesha alama alizotumia: maji kupwa, maji kujaa, pweza, pepo za kusi. Mikono ya mjomba inatetemeka siku hizi lakini hizo alama hazikutetemeka. Huyo babu mdogo alitaka kuoa binti wa jirani, kwao wakakataa kumposea, wakaogopa atazaa wenzake. Akazeeka peke yake kwenye kibanda karibu na ngalawa. Ndiyo maana mama yangu hakumbuki. Nilimpigia simu usiku ule, alilia kabla sijauliza. Akanitajia na mwingine, dada yao babu, alikufa mdogo, hawajui kama alisikia. Halafu kumbe babu na bibi wenyewe walikuwa binamu. Mti nimeuchora nyuma ya kalenda ya mwaka jana, karatasi za daktari hazikutosha.

Baba TabibuMasikio, hilo la babu na bibi linabadilisha hesabu ya binti yangu mkubwa au inabaki palepale? Nitaushukuru muda wako.

Suala la mke wa pili halijatajwa tena. Sisemi limeisha.

Kaka Seremala, mjomba alipokuwa anaonyesha alama ya pweza, mwanangu alikuwa amekaa mlangoni anatazama. Akaigeza. Mjomba akarudia, naye akarudia. Wakafanya hivyo mpaka chai ikapoa. Mume wangu alisimama pale akitazama mikono yao, na usiku, kwa mara ya kwanza tangu majibu ya masikio yatoke, akaniuliza neno. Amenituma nikuulize: Jumamosi unakuwepo Keko? Anataka kuja na mtoto.


SeremalaKeko
Jumapili, saa 3:31 usiku

Nipo kuanzia saa mbili asubuhi. Akifika asipige kelele mlangoni, apunge mkono dirishani. Aje na mzee pia kama anaweza kupanda daladala. Hiyo alama ya pweza ya Kilwa siijui.